Jeshi la Waya, Sare ya Kwaya

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Hapa Likasi, mji wetu wa migodi, mota ya kinu cha unga ikiungua, au pampu ya wachimbaji ikinywa maji mpaka ikafa, wanatuletea sisi. Tunang'oa waya wa shaba ulioungua, tunasuka mpya. Mke wangu ni mshonaji. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na takataka za aina mbili, vipande vya waya kutoka kwangu na vipande vya vitambaa kutoka kwake, na kwa takataka hizo nilijenga majeshi. Majeshi hayo ndiyo yaliyonifanya mchawi. Naanza na hilo ili msomaji asikae roho juu. Sijawahi kumroga mtu, sijui hata kazi hiyo inaanzia wapi, lakini nimesimama mbele ya ukoo wa mke wangu nikakiri kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nilimfunga mdogo wake tumboni.

Bado nina hasira. Nikisema nimekwisha kupoa nitakuwa nadanganya, na uongo niliousema mwaka ule unanitosha.

Mchezo wenyewe nilifundishwa na jirani yangu, mwalimu wa historia aliyestaafu, mzee mwembamba mwenye ulimi mkali na kikohozi kisichokwisha. Padri mmoja wa zamani alimwachia kitabu cha Kifaransa chenye ramani za vita vya tangu enzi na enzi, pamoja na kanuni za kuvicheza upya mezani. Tulilaza mlango mkuukuu juu ya mapipa mawili kwenye baraza yangu, tukaupaka rangi ya majani, tukachora mito kwa chaki. Kila mmoja alikuwa na jeshi lake. Unasogeza watu wako kwa kipimo, nasi tulitumia utepe wa mke wangu wa kupimia nguo. Wakikutana na adui mnarusha dadu kujua nani anabaki amesimama na nani anaanguka. Mengine yote ni akili: uwaweke wapi farasi, uwafiche wapi wapiga mishale, ukimbie lini kabla hujaaibika.

Jumapili baada ya misa tulipita karne zote. Tulipigana kwa mikuki na ngao, tulivuta mizinga kwa farasi, tulichimba mahandaki ya vita vikubwa vya Wazungu katika udongo wa kichuguu. Tulicheza hata wapiga bunduki wa Bunkeya, ufalme wa zamani wa huku kwetu, na Wasanga waliowaasi, kwa sababu mwalimu alisema wale wote wamekwisha kuwa mababu. Vita vya mji wetu wenyewe hakutaka kuvisikia. Nilimwuliza mara moja tu, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Ile vita ingali na benyewe," alisema. "Muntu anapita mu njia, anatazama mu barza yako, kumbe baba yake alifiaka mule. Apana. Tutacheza tu ile yenye hakuna tena muntu wa kuililia."

Alikuwa na desturi nyingine, na hii ilikuja kunigharimu. Askari aliyeanguka hakumtupa pembeni. Alimlaza chali katika kifuniko cha sanduku, juu ya pamba, na vita vikiisha alisimama, akavua kofia, akawaombea wote pumziko kwa sala yetu ya kawaida ya marehemu. Alisema waya ule unasimama badala ya mtu aliyekuwa na mama yake, aliyekufa kweli na njaa tumboni, na si adabu kufanya kifo chake mchezo halafu mkaenda kunywa chai. Mimi niliitikia. Juma zima nilikuwa katika kelele za karakana, na dakika ile ya sala kwenye baraza niliipenda kuliko hata kushinda.

Sasa vitambaa. Waya mtupu hauna taifa. Ukiwaweka Waroma na maadui zao wamechanganyikana hujui umwue nani. Nilianza kuwavalisha. Nilikaa chini ya cherehani ya mke wangu nikiokota mabaki, naye akinicheka.

"Weye njo client mwenye hanisumbuake juu ya modèle," alikuwa akisema, na wakati mwingine alinikatia mwenyewe kipande kizuri, akanirushia bila kuinua macho.

Mke wangu anasali katika kanisa la uamsho, mimi ni Mkatoliki. Tulioana hivyo na hatukuwahi kugombana kwa ajili ya hilo. Mwaka ule kwaya ya kanisa lake ilimpa kazi ya kushona sare mpya, kitambaa kizito chekundu. Mdogo wake, yule anayemfuata tumbo moja, ndiye mwimbishaji mkuu wa kwaya hiyo. Mabaki mekundu yalijaa nyumba nzima. Na mimi nilikuwa natafuta Waroma, na katika kitabu cha mwalimu Waroma wanavaa nyekundu. Niwaambie nini zaidi? Niliwavalisha.

Tulikuwa tunaandaa vita vya jemadari wa Karthago, yule aliyevuka milima ya theluji na tembo wake. Siku ile aliwachokoza Waroma asubuhi kabla hawajala, wakavuka mto wa baridi kumfuata, na upande wa pili alikuwa ameficha watu kwenye majani. Waroma walikwisha. Tembo niliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu, na wekundu wangu walikuwa kikosi kizima, wote wazuri. Aliyenisumbua alikuwa mbeba bendera peke yake. Mlingoti ulimwelemea, akawa anaanguka kifudifudi kila nikimsimamisha. Nikafanya kama fundi: nikamzungushia waya kiunoni, mzunguko juu ya mzunguko, kama ninavyosuka mota, kisha nikaivuta nguo nyekundu juu yake. Akasimama imara. Mwalimu alimtazama, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Huyu Muroma alikula bukari ya nani?" aliuliza, maana ugali huku tunauita bukari.

Nami nilicheka. Vita tulivicheza, Waroma wakafa karibu wote, tukawalaza, tukawaombea, tukafunga sanduku. Mbeba bendera alikuwa miongoni mwao.

Wakati huo shemeji yangu, yule mwimbishaji, alikuwa mgonjwa. Tumbo lilikuwa limevimba, damu ikimtoka siku zisizo zake, na mwanamke aliyekuwa akibeba beseni la samaki wa chumvi mpaka sokoni bila kutua alianza kushika ukuta akitoka chumbani. Daktari alimwambia ni fibrome, uvimbe wa kizazi, apasuliwe haraka, maana damu inapungua mwilini. Yeye aliogopa kisu. Katika kikundi chake cha maombi walikuwa wamemwambia kwamba kuna mtu wa karibu aliyemfunga, na kwamba akipasuliwa kabla hajafunguliwa atafia mezani. Akaja kukaa kwetu, karibu na hospitali, lakini hospitali yenyewe haendi. Nilimpenda yule binti, na ninampenda mpaka leo. Alikuwa akiimba akipika, akaniita mulamu kwa sauti ya utani, maana ndivyo mashemeji tunavyoitana huku, na kila siku alizidi kuwa mweupe midomoni.

Asubuhi moja mimi niko karakana, mke wangu yuko sokoni, alikwenda stoo kutafuta beseni. Akafungua sanduku.

Nimejilazimisha mara nyingi kuona alichokiona. Watu wadogo wamelala chali juu ya pamba, wamepangwa kama marehemu. Wote wamevaa sare ya kwaya yake, kitambaa kilekile, si cha kufanana. Na mmoja wao, aliyekuwa mbele, ana tumbo limevimba. Halafu jirani wa nyuma, mama mwenye masikio marefu, akaja mbio aliposikia kelele zake, akaongeza kwamba kila Jumapili husikia wazee wawili kwenye baraza yetu wakisoma sala ya wafu, na hakuna msiba. Mwingine akakumbuka kwamba tulikuwa tukipima mezani kwa utepe uleule uliopima vifua na viuno vya wanakwaya. Mmoja wa kwaya alikuwa ameanguka na pikipiki, mwingine alikuwa ameachwa na mumewe. Balaa zote hizo zilipata maelezo siku ile. Ningekuwa mimi hakimu, ningejifunga mwenyewe.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameketi chini uani, sanduku limefunguliwa mbele yake.

"Mulamu," aliniambia, hakupiga hata kelele, "minye nilikukosea nini?"

Nilieleza. Mungu anajua nilieleza. Ukoo ulikutana sebuleni kwetu alasiri ya kesho yake: mjomba wao, dada zao wakubwa, na mama anayeongoza maombi, mwanamke mpole ambaye ningependa kumchukia na siwezi. Nilitoa kitabu cha mwalimu, nikaonyesha picha, nikawasimulia Waroma, mto na tembo. Mjomba alisikiliza kwa makini, mikono juu ya fimbo yake.

"Ile Karthago iko upande wapi?" aliuliza mwishowe. "Kupita Buluo?"

"Ni mbali, papa. Na ilikwisha kuvunjwa zamani, hakuna tena."

"Hakuna tena," alirudia polepole, akiwageukia wenzake. "Donc, unapigana vita ya mahali penye hakuna, na bantu yenye banavaa manguo ya batoto betu."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama mke wangu. Yeye ndiye aliyenirushia vile vitambaa, na alijua kila askari kwa jina la vita vyake. Alikuwa ameangalia sakafu. Nilingoja aseme neno moja tu, naye hakusema, na moyo wangu uliumia kuliko nilivyoumizwa na maneno ya mjomba.

Jikoni alinishika mkono. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Nikisema bitambaa bilitoka mu mikono yangu, tutakuwa bachawi babili," alisema. "Nani ataleta tena kitambaa yake humu? Batoto batakula nini?"

"Na minye?"

"Mama ya maombi alisema kama unakubali, unabichoma mbele yetu, unamufungua, ataenda ku hôpital. Yeye mwenyewe alisema ataenda. Baba ya batoto, ndeko yangu anakufa. Sema tu. Akipona, minye nitasimama mbele ya bote, niseme yote. Naapa juu ya batoto."

Mlango wa kumwokoa shemeji ulikuwa huo peke yake, na ufunguo wake ulikuwa jina langu. Nilikwenda kwa mwalimu. Nilidhani atanielewa kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyenisimulia, huku akipanga askari wake, habari za makamanda waliozungukwa, wasio na maji, waliopandisha kitambaa cheupe ili majeruhi wao waishi, na ambao nyumbani kwao waliitwa waoga mpaka uzeeni.

"Shi weye njo ulinifundishaka," nilimwambia. "Ulisemaka bale ni banaume kweli."

Alikohoa kwa muda mrefu.

"Bale baliweka silaha chini," alisema. "Hawakusaini karatasi ya kusema balikuwa banyang'anyi. Kuweka silaha na kusema uongo juu yako si kintu kimoja. Ukisema leo, kesho hakuna mwenye atakuamini ukisema ingine. Na minye pia niko mule mu ile uongo yako, hata ukificha jina yangu. Bote banajua nilikuwa nakaa mbele yako."

"Basi nifanye nini? Nimuache afe?"

Alinifungulia mlango, nikatoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena baraza yangu, na tukikutana njiani ananisalimu kwa adabu, kama anavyosalimu wazazi wa wanafunzi wake wa zamani.

Nilikiri siku ya Jumamosi mchana, uani. Mbabula, jiko letu la bati, ilikuwa imejaa makaa. Walikuja watu wengi kuliko walioalikwa, wengine wakasimama nje ya ukuta. Mama wa maombi aliniuliza taratibu, kama anayemwuliza mgonjwa pale panapouma, na mimi nikaitikia kila swali. Ndiyo, nilimfunga. Ndiyo, kwa wivu. Wivu wa nini? Hapo nilikwama, sikuwa nimeuandaa, nikasema wivu wa sauti yake, kwamba inasifiwa na watu wote. Waliitikia kwa vichwa, sababu hiyo iliwatosha. Walipouliza nani alinifundisha nikasema hakuna, nilijifunza peke yangu katika vitabu. Watoto wangu walikuwa wamepelekwa kwa jirani, lakini binti yangu mkubwa nilimwona amerudi, amesimama nyuma ya kamba ya nguo. Nilitaka kunyamaza nilipomwona. Sikuweza tena.

Nikaanza kuwatia motoni mmoja mmoja kwa mkono wangu, kama walivyotaka. Nguo ziliwaka upesi, waya ukawa mweusi na kukataa kuungua. Tembo wa udongo walitoka wameiva, wagumu kuliko walivyoingia, ikabidi mjomba awavunje kwa jiwe. Mbeba bendera walinipa wa mwisho. Nilitakiwa kumfungua kwanza, basi nikakaa mbele ya watu wote nikiuzungusha waya kutoka kiunoni mwake, mzunguko baada ya mzunguko, vidole vyangu vya fundi vikifanya kazi viliyoizoea, na shemeji yangu amelala kwenye mkeka, ameshika tumbo, ananitazama. Waya ulipokwisha alishusha pumzi ndefu na kulia. Wanawake wakaanza kuimba.

Jumatatu aliingia hospitali kwa miguu yake. Walimwongezea damu, wakampasua, na daktari alituambia angechelewa kidogo tusingekuwa tunaongea naye. Nilikuwa pale kwenye benchi. Nilishukuru Mungu kwa sauti, wala sijutii uhai wake hata chembe. Mtu anaweza kushukuru na kuwa na hasira kwa pumzi moja, hilo sikulijua zamani.

Miezi iliyofuata nilivumilia kwa sababu nilikuwa nangoja. Shemeji alirudi kwake, akanenepa, akaanza tena kuimba. Wateja wawili watatu waliondoa mota zao karakana bila kusema sababu. Mtoto wangu mdogo, aliyezoea kula bukari katika sahani yangu, alianza kuletewa sahani yake. Kila nilipomwangalia mke wangu alisema, "Ngojea kwanza, apate nguvu," au, "Ngojea, mujomba yuko na hasira," nami nikangoja. Sikumsukuma. Alikuwa ameapa kwa watoto, na mimi namjua, si mwanamke wa kuapa ovyo.

Kisha akaja kuniambia kwamba ukoo utakutana kwetu Jumapili kumshukuru Mungu kwa uponyaji, wote watakuwapo, mjomba, dada zake, kwaya nzima. Alisema hivyo akinitazama machoni, na mimi nilielewa kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo. Nilinyolewa. Nilivaa shati alilonishonea mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa jikoni, na kila nikipita nilimwona anasogeza midomo peke yake, kama mtu anayejifunza maneno kwa moyo.

Tulikula uani. Waliimba vizuri, siwezi kukataa, na sauti ya shemeji yangu ilikuwa imerudi yote. Wimbo ulipokwisha alisimama katikati, mnene, mwenye afya, machozi yanamtoka, akaniita. Nilikwenda. Alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, mbele ya watoto wangu waliokaa kwenye mkeka wa mbele.

"Mulamu," alisema, "ile siku ulinifungua, nilikuwa nikingali na hasira mu roho. Leo imekwisha. Ile yote ulinifanyia, nimekusamehe. Batoto bako basikie: baba yenu alifanya mubaya, mais alikubali, na Mungu alimusamehe, na minye namusamehe. Hapana mutu amucheke tena."

Alikuwa anasema kweli, kwa upendo mtupu. Nilimtazama mke wangu juu ya bega lake. Alikuwa kwenye mlango wa jiko, na sahani ya nyama mkononi. Aliniona. Aliiweka sahani chini polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge, akapiga hatua mbele, na watu wakamgeukia, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mama wa nyumba anataka kusema. Alifungua mdomo. Alimtazama mdogo wake, aliwatazama watoto, alimtazama mjomba.

Kisha akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakamfuata.